Mgongo Wangu na Ndara Iliyobaki Njiani

Bwana asifiwe, kanisa! Na wewe unayeumwa, usijilazimishe kusimama ili uitikie. Asifiwe ukiwa umekaa, asifiwe ukiwa umeegemea ukuta. Amahoro, amani kwenu, ndugu zangu.

Mchungaji ameniomba nishuhudie tangu mwaka jana, nami nimekuwa nikimkwepa. Ushuhuda wa hapa kwetu tunaujua unavyokwenda: mtu alikuwa chini, akaombewa, akaruka, kwaya ikaimba. Mimi sitaruka. Anayengoja kuniona nikicheza leo atakaa sana. Nimekubali kusimama kwa sababu ya kitu nilichokiokota njiani Alhamisi, na kitu hicho nimekuja nacho ndani ya mfuko huu. Nitakitoa mwisho. Kwanza mnisikilize.

Wengi mnanijua. Mimi ni Melkiadi, Baba Divine, wa kilima cha juu hapa Kizuka. Wengine mnaniita Mtanzania, kwa sababu nilikulia kambini upande wa Kigoma na Kiswahili changu kimebaki cha kule. Tuliporudi nchini sikuwa na kitu ila mgongo. Nikawa kibarua wa michikichi: napanda, nakata, nabeba mashada mpaka kwenye mashine ya kukamua mawese. Mgongo huo ndio uliotulisha, mimi na Mama Divine na watoto wetu.

Mgongo huo huo ndio ulionipa heshima kilimani. Sisi wa juu hatuna barabara, mgonjwa tunamshusha kwa ingobyi. Wageni mnisikilize: ni kikapu kirefu cha kusuka kinachofungwa kwenye miti miwili. Wanaume wanne wanatia mabega, na mgonjwa analala ndani amejikunja kama mtoto tumboni. Kila nyumba inatoa mtu. Asiyetokea anawanunulia wenzake fanta, na maneno atakayosemwa ni machungu kuliko fanta ilivyo tamu. Mbele ya ingobyi anatembea mtu mmoja asiye na mzigo. Kazi yake ni kupaza sauti: hapa kuna jiwe, hapa kuna tope, pisheni njia. Kazi hiyo tuliwaachia wazee na wenye vifua vibovu, na tulikuwa tukiwacheka. Tulisema, "Yule anabeba kwa mdomo." Mimi nilikuwa bega la mbele, upande wa kulia. Nyuma yangu, kwenye mti ule ule, alikuwa Zakari, rafiki yangu tangu kambini. Miaka yote hiyo nilisikia pumzi yake kisogoni.

Siku mgongo ulipoharibika tulikuwa tunamshusha mama mjamzito, uchungu umemshika, na mvua inanyesha. Kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu mguu wangu uliteleza. Sikuanguka. Nilijizuia kwa kiuno, nikasikia kitu kimeachia ndani, tak! Macho yakaingia giza. Pale mtu mwenye akili angesema tupumzike kidogo. Lakini ndugu zangu, mnajua wenyewe, kwetu mgonjwa hawekwi chini njiani. Ukimweka chini kabla ya kufika barabarani ni kama umeshamchimbia kaburi. Wazee walituambia hivyo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujaribu. Nikauma meno nikaendelea mpaka kwenye lami. Yule mama alijifungua salama, Mungu apewe sifa! Mtoto wake ndiye huyo mnayemsikia anapiga kelele hapo nje sasa hivi. Mwacheni apige.

Mimi kesho yake sikuweza kuvaa suruali mwenyewe.

Maumivu ya mgongo nilikuwa nayajua, nani hapa hayajui? Haya yalikuwa mengine. Yalianzia kiunoni yakaingia kwenye tako, yakashuka nyuma ya paja mpaka kisigino, kama mtu ananivuta mshipa kwa koleo. Nikikohoa, moto. Nikipiga chafya, naona nyota mchana. Kukaa ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Mnakumbuka nilivyokuwa nasimama ibada nzima pale ukutani? Mlidhani nimejaa Roho. Sikuwa nimejaa kitu, nilikuwa siwezi kukaa.

Shangazi yangu akasema nimelogwa na wenzangu wa kazini. Mzee mmoja fundi wa kukanda akanimwagia mawese ya moto, akanipanda mgongoni kwa visigino. Nilipiga ukelele hata mbuzi wa jirani wakakata kamba. Simsemi vibaya yule mzee, alinipa alichokuwa nacho. Na hapa hapa kanisani mliniombea. Mlifunga kwa ajili yangu, mkaniwekea mikono, jasho likawatoka. Kisha mkaniuliza, "Unasikiaje sasa?" Ndugu zangu, mbele ya watu waliofunga kwa ajili yako, nani atasema bado? Nikasema nimepona. Mkapiga makofi, nikarudi ukutani kwangu.

Hospitali sikwenda. Mnauliza kwa nini, kana kwamba hamjui. Kwetu neno ni moja: mgongo haukatwi. Ukikatwa mgongo umekwisha, utaletwa nyumbani ukiwa gogo. Kila niliyemuuliza alikuwa na mfano wa mtu wa kilima fulani ambaye alikatwa na hakusimama tena. Nikaona heri maumivu yangu nitembee nayo. Nikarudi kwenye michikichi, nikarudi na kwenye ingobyi, maana kuweka chini mti wa ingobyi mbele ya wanaume ni kazi ngumu kuliko kuubeba.

Halafu ikaja siku ya ndara. Nilikuwa natoka kisimani, Mama Divine yuko nyuma yangu na ndoo kichwani. Tumekaribia nyumbani akaniambia, "Baba Divine, ndara yako iko wapi?"

Nikamwambia, "Iko muguuni."

"Muguuni iko moja."

Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu, umejaa vumbi, na kidole gumba kinatoka damu. Ndara ilikuwa imechomoka njiani, huko nyuma kabisa, nami sikujua. Nilikuwa nimekanyaga kokoto njia nzima bila kusikia chochote. Nikajaribu kuinua vidole juu, vikakataa. Niliviamuru, ndugu zangu! Niliviamuru kwa jina la Yesu, navyo vikanitazama tu. Mama Divine aliweka ndoo chini, akarudi kuitafuta ile ndara. Niliogopa siku ile kuliko nilivyoogopa vita nikiwa mtoto.

Na bado sikwenda. Mtu anaweza kuogopa kitu kimoja na akaogopa dawa yake zaidi.

Zikapita wiki chache, na asubuhi moja nikaamka nusu. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Kuanzia kiunoni kwenda chini, katikati ya mapaja yote mawili, palikuwa pameganda kama si pangu. Mkojo ulikuwa umenijaa na hautoki. Nikasukuma, nikalia, hautoki. Mama Divine akaingia, akaniona, akatoka nje kupiga kelele. Baada ya muda mfupi Zakari alikuwa mlangoni na wenzake, na ingobyi mabegani.

"Mutu wangu," akasema, "leo ni zamu yetu kukubeba wewe. Usiogope."

Walinibeba kwa upendo wote. Walinikunja ndani ya kile kikapu, magoti karibu na kidevu, kiuno kimeingia chini kabisa, na wakashuka mteremko haraka wakidhani haraka ndiyo huruma. Kila hatua yao ilikuwa kisu kwangu. Niliwaomba waniweke chini. Niliwaomba kwa machozi! Zakari alinijibu huku analia, "Hatuwezi, Melkiadi. Unajua hatuwezi." Nilijua. Mimi mwenyewe nisingemweka mtu chini. Tulipofika barabarani mguu wangu wa kulia ulikuwa unaning'inia kama wa mtu mwingine.

Kituo cha afya cha Rumonge hawakunikawiza. Walinitia mpira wa mkojo, wakaniandikia niende Bujumbura siku ile ile. Nililazwa chali kwenye gari, Mama Divine na Zakari pembeni yangu, naona mbingu tu. Gitaza, kijiji cha njiani, niliijua kwa harufu ya ndagala, yaani dagaa, zinazokauka. Nikawaza, hii barabara nimeipita mara nyingi nikitazama ziwa upande huu na mlima upande ule, sasa naipita kwa pua. Sikuomba maombi marefu. Nilisema, "Bwana, usiniache gogo." Hayo tu, mpaka mjini.

Waliniingiza kwenye mashine kubwa ya picha, inagonga kama mafundi bati. Kisha akaja daktari kijana, Mrundi mwenzetu, amesomea mambo ya mgongo nje ya nchi na kurudi. Kabla hata ya kunisalimia alimgeukia Zakari, aliyekuwa amesimama pembeni na kofia mkononi.

"Mulimuleta namna gani huyu papa?"

Mjini baba wanamwita papa. Zakari akaeleza habari za ingobyi. Daktari akafumba macho.

"Mutu wa mugongo hakunjwi. Munamulaza amenyooka, juu ya kitu kigumu. Hata mulango. Ngoeni mulango, mumulaze juu."

Hakusema kwa dharau, lakini nilimwona Zakari akiinamisha kichwa kama aliyepigwa. Alirudi nyumbani, akang'oa mlango wa jiko lake, na mlango huo ndio leo tunaoshushia watu wanaoumwa migongo. Jiko lake mpaka leo limezibwa kwa gunia, nanyi mmekuwa mkimcheka bila kujua sababu.

Daktari akanionyesha picha. Akasema kati ya pingili na pingili za mgongo kuna kitu kama mto mdogo wa kulalia, na ndani yake ni laini. Nikamwambia sielewi. Akaniuliza kazi yangu, nikasema michikichi. Akacheka kidogo. "Basi papa, ukibana chikichi bivu na vidole, kiini kinafanya nini?" Nikasema kinateleza kinatoka. "Ndiyo hiyo. Chako kimetoka, kimelalia mishipa inayokwenda muguuni na kwenye kibofu. Kikikaa hapo, mishipa inakufa."

Nikamwambia neno la kwetu, kwamba mgongo haukatwi. Na hapa, ndugu zangu, nataka mnisikilize kuliko popote, maana yule kijana hakunidanganya hata kidogo. Aliniambia zamani walifungua mgongo kwa mkato mrefu na kuisogeza misuli kwa nguvu, na wengine mpaka leo wanafungua hivyo, si kosa. Lakini watafiti duniani wamekuwa wakikimbilia upande mmoja: tundu dogo, dogo zaidi. Bomba jembamba linapita katikati ya misuli bila kuikata, taa na jicho la kamera vinaingia humo, na vyombo vidogo vinatoa kile kiini kilichotoka. Damu kidogo, kidonda kidogo, mtu anasimama mapema.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo hii tundu inaponya kuliko ule mukato mukubwa?"

Mwingine angesema ndiyo ili nifurahi. Yeye alivuta kiti. Akaniambia hilo ndilo swali ambalo watafiti bado wanabishania. Siku za mwanzo, aliyepasuliwa kwa tundu anaumia kidogo na anakwenda nyumbani mapema. Lakini miaka ikipita, wengi wa upande huu na wengi wa upande ule wanakaribiana. Akasema kazi ya tundu ni ngumu kujifunza, mkono wa daktari lazima uizoee. Akasema moto wa mguuni huwa unazimika vizuri kuliko maumivu ya kiuno. Akasema kiini kinaweza kutoka tena. Tena akasema jambo lililonishangaza: wengi wenye ugonjwa huu hawahitaji kukatwa kabisa, kile kilichotoka kinanywea chenyewe kwa muda, kwa dawa na mazoezi, na watafiti sasa wanahangaika kujua nani akatwe na nani aachwe.

"Basi niache," nikasema haraka.

"Ungekuja na maumivu peke yake, ningengoja na wewe. Lakini muguu umelala na mukojo umefunga. Hapa hatungoji hata kesho. Na nipe ruhusa papa: nikiona tundu haitoshi, nitafungua zaidi. Na muguu siahidi."

Nikageuza uso ukutani. Mama Divine alikuwa amekaa sakafuni, kanga imelowa machozi. Akasimama akaniambia kwa ukali ambao sijausikia kwake tena, "Baba Divine, mugongo umekatika siku nyingi. Unaogopa wakate nini?"

Nikatoa ruhusa.

Nilipozinduka niliutafuta ule moto wa mguuni. Nilijilaza kimya kama mwizi, naungoja. Haukuja. Nilikohoa makusudi. Haukuja! Ndugu zangu, nilikuwa nimeishi na moto ule muda mrefu hata nyumba yangu ya mwili ilionekana tupu bila huo. Mama Divine akatazama mgongoni. Nikamuuliza kidonda kikubwa kiasi gani. Akasema, "Kadogo. Kama kucha." Akarudia kama asiyeamini macho yake. "Ni kadogo kabisa, Baba Divine." Sote wawili tukalia, kwa kuwa tulikuwa tumeogopa kitu kidogo namna ile hata tukakaribia kufa.

Walinisimamisha mapema. Na siku walipotoa ule mpira, nilikwenda chooni nimeshikwa na muuguzi, nikangoja, nikangoja. Nikakojoa. Mnacheka? Chekeni. Mimi sijawahi kuimba sifa kama nilivyoimba mle chooni. Mtu akikuuliza Melkiadi alimwona Mungu wapi, mwambie ukweli.

Ingekuwa ushuhuda wa kawaida ningemalizia hapo, tukaimba. Lakini sijamaliza.

Mguu haukurudi wote. Kisigino kilirudi, kidole gumba bado kinaburuta. Daktari alinikataza kupanda mchikichi, kubeba mashada, na kutia bega kwenye mti wa ingobyi. Nikauliza mpaka lini. Akaniambia nitafute kazi nyingine, nami nikajua. Sasa anayebeba nyumbani kwetu ni Mama Divine. Nakaa uani nachambua chikichi na wanawake, nasikia wanaume wakipita kwenda kazini wakishusha sauti. Mara ya kwanza walipopita na mgonjwa bila kuniita, niliingia ndani nikafunga mlango, nikamuuliza Mungu aliniponya kwa ajili ya nini. Na wapo humu ndani walioniambia mguu haujarudi kwa kuwa imani yangu ni nusu. Sitawataja. Wanajijua, na fanta walizoniletea sikunywa.

Kitu kimoja kilinisaidia, nacho ni cha ajabu. Kule hospitalini wanafuatilia waliopasuliwa kwa tundu, ili wajifunze. Muuguzi ananipigia simu mara kwa mara. Mara ya kwanza aliniuliza, "Papa, kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yako iko ngapi?"

Nikamjibu, "Mungu ni mwema."

"Murakoze, asante papa. Lakini ninataka namba."

Nilikasirika. Nikamwambia leo mguu hauinuki, kiuno kinauma, na shamba limenishinda, aandike namba anayoitaka. Nilidhani atanikemea kama ninyi. Akasema, "Asante kusema ukweli," nikamsikia anaandika. Nikamuuliza wanawafanyaje wale ambao hawakupona. Akasema hao ndio wanaopigiwa zaidi. Bila hao, akasema, tutawadanganya wanaokuja nyuma.

Niliweka simu chini nikarudi kuchambua chikichi, nikiwaza. Kumbe na wao wanakusanya shuhuda! Lakini wao wanachukua na ya yule anayechechemea. Sisi hapa, ndugu zangu, nani amewahi kuitwa mbele aseme bado ninaumwa? Ndiyo maana mimi nilisema nimepona. Simlaumu mtu. Ninasema tu kwamba ukuta ule wa nyuma umebeba watu wengi.

Sasa nafika Alhamisi. Kulikuwa na bibi wa kushushwa, homa kali, na mzee wa kutangulia hakuwepo. Zakari alikuja kwangu akasimama mlangoni, haniangalii usoni. "Kuja utembee mbele yetu," akasema. Ile kazi ya mdomo! Niliyowacheka wazee miaka yote! Nilitaka kukataa. Nikamfikiria yule bibi, nikachukua fimbo, nikaenda.

Nikawa natembea, natazama njia, nasema jiwe hili, tope hili, shukeni kushoto. Na kwa kuwa sikuwa na mzigo, kwa mara ya kwanza nilisikia miguu ya wanaume wanne nyuma yangu. Hatua tatu zilikuwa za kawaida. Moja ilikuwa inapiga ardhi, pap. Pap. Ule ni mguu usioinuka mbele, unaanguka wenyewe. Sauti ile hakuna wa kunifundisha, niliishi nayo. Moyo wangu ukafa.

Bibi alifika salama. Tukirudi, wao walitangulia kwa kuwa mimi ni wa polepole. Na kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu, katikati ya njia, nikaikuta hii.

Itazameni. Ni ndara ya mguu wa kushoto. Imeshonwa kwa waya. Mwenyewe alikuwa huko mbele anapanda mlima na mguu mmoja mtupu, anazungumza na wenzake, hajui. Ningemwita, angesema imekatika, tungecheka, yangeisha. Kwa hiyo niliitia mfukoni. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Sitamtaja jina. Yuko humu ndani. Hajakaa, amesimama ukutani pale pale niliposimama mimi, na mkimuuliza atasema ni joto.

Ndugu yangu, nisikilize. Mimi siwezi kukuahidi utaruka. Huenda hutakatwa hata kidogo, huenda ni dawa na kulala na mazoezi. Huenda ni tundu kama langu, na utarudi kama mimi, nusu ya mtu uliyekuwa. Lakini mguu ukianza kusahau ndara, ndugu yangu, hatungoji. Mungu aliyenisikia kwenye barabara ya Gitaza hajahama. Alinijibu kwa mkono wa kijana mwenye bomba jembamba, nami namshukuru kwa hilo bomba kama ninavyomshukuru kwa mvua. Mwamini. Mwamini hata ukiwa bado unaumwa, na useme kwamba unaumwa.

Kesho asubuhi nitashuka barabarani kungoja gari la Bujumbura, na ndara hii nitakuwa nayo. Ukishindwa kutembea, usiingie kwenye kikapu. Tutakulaza umenyooka juu ya mlango wa jiko lako mwenyewe.

Ulikuwa nyuma yangu miaka yote. Siku niliyokuwa gogo, ulinibeba ukilia. Mimi siwezi kukubeba, nimekatazwa mpaka kufa. Lakini nitatangulia mbele yako, na nitakuonyesha kila jiwe.

Njoo uvae ndara yako. Amina.